Mwanangu, utakuwa tayari siku utakapoweza kumkatalia dalali

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusoma, kisha nikamsomea mama yako. Umeona nyumba ya vyumba vitatu huko Goba, Dar es Salaam, bei milioni 100. Wewe una akiba ya milioni 20, na benki iko radhi kukukopesha 80 zilizobaki. Halafu ukaniuliza: "Baba, nitajuaje kuwa niko tayari?" Nimefurahi umeuliza kabla hujasaini.

Jibu langu ni hili: utakuwa tayari siku utakapoweza kumwambia dalali "hapana" na usiku ukalala vizuri. Kwa jinsi ulivyoandika, siku hiyo bado. Dalali amekuambia kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi, na tangu hapo hutulii. Katika miaka yangu ya upimaji ardhi nimeona watu wengi wakikimbizwa na mteja wa namna hiyo, wakalipa kabla ya kukagua chochote.

Tuanze na hela. Tuseme riba ni asilimia 15 kwa miaka 15. Mkopo wa milioni 80 unakuwa marejesho ya karibu shilingi 1,120,000 kila mwezi, na mpaka unamaliza utakuwa umelipa zaidi ya milioni 201. Mshahara unaoingia mkononi mwako ni milioni 1.9, kwa hiyo unabaki na 780,000. Hapo hujala, hujapanda daladala, hujalipa ada ya mtoto. Najua utaniambia watumishi wa umma huruhusiwa kukatwa mpaka ibaki theluthi moja ya mshahara. Lakini theluthi ni kiwango cha kumzuia mtu asiumie kabisa, mwanangu. Na sisi hatuishi peke yetu: kuna misiba, kuna michango ya harusi, kuna mdogo wako bado yuko chuo.

Kwa hiyo jipime kwanza. Sasa hivi kodi yako ni 400,000 kwa mwezi. Kuanzia mshahara ujao, toa 720,000 nyingine uiweke kwenye akaunti isiyo na kadi, kana kwamba marejesho yameshaanza. Usiiguse, hata simu za michango ziingie vipi. Ukimaliza mwaka nayo imekaa, utakuwa umeongeza 8,640,000 na mkopo utakaouhitaji utapungua. Ukishindwa mwezi wa tatu, umejua mapema, na hakuna benki itakayokuja kupiga mnada chochote.

Halafu hizo milioni 20 usizimalize zote kwenye kianzio, yaani malipo ya kwanza ya nyumba. Kuna mwanasheria, kuna mthamini, kuna ada za kuhamisha hati na ushuru wa stempu. Na baada ya hayo yote ubaki na hela ya kulisha nyumba miezi sita, hata kazi ikisimama.

Unasema umechoka kumlipa mwenye nyumba miezi sita kwa mkupuo, na wenzako wote wamehamia kwenye nyumba zao wenyewe. Kuchoka nakuelewa. Ila kodi si hela uliyoitupa, umeilalia na mwanao amekulia humo salama. Wenzako waache na hesabu zao.

Sasa nyumba yenyewe, maana mtu anaweza kuwa na hela zote na bado asiwe tayari kwa nyumba ile. Muuzaji anasema ana hati. Hati ya lini, na ya miaka mingapi? Ardhi yetu ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na haki ya kuimiliki hutolewa kwa muda: miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inaisha 2028. Huongezwa, ndiyo, lakini kwa maombi na kwa ada, na wewe unataka kuifungia mkopo wa miaka 15. Baada ya hapo ni upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu za hati hiyo kwa Msajili wa Hati, uone jina lililoandikwa ni la nani na kama kuna rehani au zuio. Barua ya serikali ya mtaa inakutambulisha kwa majirani. Haichukui nafasi ya upekuzi. Tena uliza kama muuzaji ana mke. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi wake, kwa hiyo na mke aje asaini mbele ya mwanasheria.

Mipaka nitaikagua mwenyewe. Nataka kuona bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, na ramani ya upimaji, na nijue hifadhi ya barabara, lile eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, inaishia wapi. Mwaka 2017, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, nyumba zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na hifadhi iliyodaiwa pale ilikuwa mita 121.5 kila upande. Kuna watu walikuwa wamezeekea pale. Maji nayo usiyasahau. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, na miaka michache baadaye waliokuwa bado bondeni wakabomolewa. Goba ina vilima na makorongo. Nyumba inayopendeza Septemba uione Aprili, masika yamekolea, uone gari linapitaje. Waulize majirani, hasa wapangaji, wao hawauzi kitu.

Mchumba wako akichangia hata milioni mbili, jina lake na kiasi chake viandikwe. Hilo ongeeni sasa, mkiwa mnapendana.

Mwambie dalali Jumamosi huendi. Mteja wake akinunua, sawa, Goba haijaisha. Kama nyumba itakuwa bado ipo, muombe namba ya kiwanja na ya kitalu, pamoja na nakala ya hati, unitumie. Nitapanda basi wiki ijayo twende wote kwa Msajili. Hela ya kutanguliza usitoe hata shilingi kabla sijafika.

Baba yako