Tairi linajazwa upepo, halifumuki

Swali: Shikamoo mwalimu. Natafsiri maelezo ya magari ya porini, yale ambayo dereva anaongeza au kupunguza upepo wa matairi akiwa amekaa kwenye usukani. Programu ya kutafsiri imenipa "mfumo wa kati wa mfumuko wa matairi" na "mhimili wa mlango". Niache hivyohivyo?

Jibu: Marahaba. Usiache, futa yote mawili.

Tuanze na mfumuko maana ndo umeniuma zaidi. Kitu kikifumuka kinaachia, mshono unafumuka, mkeka unafumuka, na tairi lililofumuka ni lile nyuzi zake zimeanza kuchungulia nje, yani umemwandikia msomaji kwamba gari lina mtambo wa kuharibu matairi yake lenyewe! Mfumuko uachie bei. Neno la tairi tunalo siku zote, upepo. Pita barabarani, lile tairi kuukuu limening'inizwa limeandikwa PANCHA kwa rangi nyeupe, pembeni kijana na kompresa yake, mwambie "nijazie upepo" hatakuuliza mara mbili. Wapo wanaobisha kwamba upepo ni ule unaovuma na ndani ya tairi kuna hewa, kifizikia sawa, ila upepo wa tairi umeshakaa kwenye lugha na sioni sababu ya kuung'oa.

Ningeandika "mtambo wa kujazia na kupunguzia upepo humohumo garini". Angalia hiyo -ia, kujaza ni tendo lenyewe, kujazia inaonyesha chombo cha kulifanyia. Na kupunguza usikuache, manake ndo kazi yake kubwa, kwenye mchanga tairi lililolegea linalala, linakanyaga eneo kubwa, gari halizami, ukifika lami unajaza tena. DUKW, lori la jeshi la Marekani lenye magurudumu 6 lililoanza 1942 na linaloelea majini, lilikuja kuwa na mtambo huo vitani hukohuko, baadaye lori la ZIL-157 la Wasovieti, 1958.

Mhimili sasa. Dunia ina mhimili, dola ina mihimili, lakini chuma kinachobeba magurudumu ni ekseli, hata kwenye mizani ya malori wanapima uzito kwa ekseli, dereva yeyote wa lori atakwambia. Hilo la mlango limetokana na umbo la ekseli yenyewe, Waingereza wanaiita portal axle, ukiitazama kwa mbele imekaa kama fremu ya mlango, ila msomaji wa Kiswahili ataenda kutafuta mlango wa gari. Chukua Unimog, lile lori la porini la Mercedes-Benz: shafti, chuma kinachopeleka mzunguko, inaingia kwenye habu, yani kitovu cha gurudumu, juu kidogo ya katikati ya gurudumu, halafu gia ndo zinashusha mzunguko mpaka kwenye gurudumu lenyewe, kwa hiyo difu, lile boksi la gia la kwenye ekseli, inakaa juu na mawe yanapita chini bila kuigusa. Andika "ekseli iliyoinuliwa", na mara ya kwanza unapoitaja weka sentensi moja ya hizo gia, ukurasa unaofuata hutahitaji kueleza tena.