Wageni wa shajara, mtetemeko si diskinesia

Shajara za Parkinson, ugonjwa unaotetemesha mwili na kuufanya mzito, zimerudi kutoka kwa wanaojaza mara ya kwanza: ni karatasi ya visanduku vya nusu saa, unaweka alama kama dawa imeshika, imekata au umelala. Na kosa ni lile lile la mwaka hadi mwaka. Haya ndugu zetu, tusikilizane kabla hamjampelekea daktari karatasi inayodanganya.

1. Jaza kila nusu saa inapoisha. Ukivijaza visanduku 48 kwa mkupuo usiku, unaandika ulivyo usiku huo tu. Nusu saa ikigawanyika, weka alama moja, ya hali iliyochukua muda mrefu zaidi.

2. Hapa ndipo penye kilio. Mwili unatikisika, mtu anaweka alama kwenye "dawa imeshika, diskinesia inasumbua" (diskinesia ni mwili kujinyonga bila kutaka kwa sababu ya dawa), kumbe dawa imekata, nguvu yake imeisha, na huo ni mtetemeko. Daktari anasoma, anaona levodopa, dawa yenyewe ya Parkinson, imezidi, anapunguza dozi. Mtetemeko unapanda, alama zinaongezeka kwenye safu ile ile, dozi inapunguzwa tena. Kila mtu katimiza wajibu wake, na mgonjwa hawezi tena kufunga kifungo cha shati!

Basi kabla ya kuweka alama, kaa, laza mikono mapajani. Mtetemeko wa Parkinson una mpigo, mara 4 hadi 6 kwa sekunde, kidole gumba kikisugua jirani zake kama cha mtu anayehesabu noti. Ukinyoosha mkono kushika kikombe, mara nyingi hutulia kidogo. Diskinesia haina mpigo: bega linapanda, shingo inayumba, kiwiliwili kinajinyonga. Bado huna hakika? Gonganisha kidole gumba na cha shahada mara 10, upesi na kwa upana. Upana ukizidi kupungua kila pigo, dawa imekata. Tazama na saa pia: nusu ya levodopa huondoka kwenye damu kwa takriban dakika 90, kwa hiyo kutikisika kunakokuja mwishoni mwa dozi na kutulia dozi inayofuata ikishika, shuku kwanza kuwa ni mtetemeko. Wapo wachache ambao miguu yao hupata diskinesia dawa inapopanda na inaposhuka. Hapo usibahatishe, piga video ya dakika moja, andika saa.

Na "inasumbua" maana yake inakuzuia kufanya jambo au inakuumiza. Kama anayesumbuka ni mwenzako anayekutazama, hiyo haisumbui.

3. Andika saa uliyomeza dawa kweli, siyo iliyopangwa. Andika na mlo wa protini nyingi, maana amino asidi zinazotoka kwenye protini hugombania mlango na levodopa, utumboni na tena kwenye kuingia ubongoni.

4. Siku 3 mfululizo, za kawaida. Msituchagulie siku nzuri ili daktari afurahi. Dozi ikibadilishwa na mwili ukaizoea, jaza 3 nyingine, hesabu visanduku vya "imekata", gawa kwa 6: hizo ndizo saa zako za kukatikiwa kwa siku. Linganisha na za mwanzo.

5. Kulala nako kuna safu yake. Acheni kutuletea usiku mtupu.