Vijitabu vya Elimu: Tazama Mwaka Kabla ya Bei

Katikati ya mji wa Lubumbashi wauzaji hutandaza vitabu chini kwenye turubai. Kuna vya sheria, vya dini, vya hesabu za sekondari, na katikati yao vimo vile vidogo vya mfukoni vinavyomweleza mtu yeyote jambo lolote: volkeno, fedha, mishipa ya fahamu, dola ya Roma. Mimi ni mwalimu, na kwa miaka mingi nimevinunua kwa ajili ya darasa langu na nyumba yangu. Wazazi huniuliza kipi ni kizuri. Muuzaji naye ana jibu lake tayari: "Mama, hii buku iko muzuri, ni ya ba-inivasite," yaani ya wasomi wa chuo kikuu. Jibu langu ni refu kidogo. Lazima ujue mfululizo huo ulianzishwa kwa nia gani, kisha utazame toleo lililo mkononi mwako ni la lini.

Vinavyopatikana zaidi kwetu ni vya mfululizo wa Kifaransa uitwao Que sais-je ?, yaani «Najua nini?». Mfululizo huu ulizaliwa Paris mwaka 1941, Ufaransa ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani. Mwanzilishi wake ni Paul Angoulvent wa shirika la uchapishaji la Presses universitaires de France, na jina alilichukua kwa Montaigne, mwandishi Mfaransa wa karne ya 16. Cha kwanza kiliandikwa na Maurice Caullery kuhusu hatua za elimu ya viumbe hai. Kipimo kilikuwa kurasa 128, na hakikuwekwa kwa kubahatisha: karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ikatoa kurasa 16 au 32, kwa hiyo 128 hutimia bila kipande kubaki.

Kipimo hicho ndicho kinachopaswa kukuongoza unapochagua. Mada finyu na mada pana zimepewa nafasi ileile. Anayeandika juu ya falsafa yote hukimbia. Kila mwanafalsafa anapata aya mbili, na mwanafunzi anatoka na orodha ya majina. Anayeandika juu ya jambo moja, tuseme fedha au tetemeko la ardhi, ana nafasi ya kusimama na kufafanua. Ndiyo maana nikikuta kimoja cha "historia ya dunia" na kimoja cha historia ya chumvi, nachukua cha chumvi, hata kama binti yangu ananicheka.

Sasa mwaka. Funua kurasa za mwanzo, na zile za mwisho kabisa. Utaona mwaka wa toleo la kwanza, halafu namba ya toleo ulilonalo. Ukisoma «édition mise à jour», mwandishi amerudi kusahihisha. Ukisoma «réimpression», mashine tu ndiyo iliyorudi kazini. Maneno ni yaleyale. Wauzaji wengi hawatofautishi, na jalada jipya linadanganya. Njia ya haraka kwa vitabu vinavyotaja nchi yetu, Kongo: vikisema Zaïre kama jina la sasa, vimeandikwa kati ya 1971 na 1997.

Uzee wa kitabu hauna uzito sawa kwa kila somo. Sarufi ya Kilatini ya mwaka 1950 bado ni sarufi ya Kilatini, na jiometri haijaoza. Lakini kijitabu cha urithi wa viumbe kilichochapwa kabla ya 1956 kitakwambia seli ya binadamu ina kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 48, kwa sababu ndivyo wataalamu walivyoamini, mpaka Joe Hin Tjio na Albert Levan walipohesabu vizuri na kupata 46. Na jiolojia, ambayo katika mji huu wa migodi kila kijana anaitaka! Vitabu vingi vya kabla ya miaka ya 1960 vinalitaja wazo la Alfred Wegener la mabara yanayosogea kama dhana yenye shaka, au havilitaji kabisa. Leo ndilo msingi wa somo. Kijana akiingia mtihani na kitabu hicho, anaingia na sayansi ya babu yake.

Wazazi wengi pia hudhani cha bei nafuu ni chepesi kueleweka. Hilo nalo lina historia. Mwaka 1826 mjini London, Henry Brougham na wenzake waliunda jumuiya ya kueneza maarifa yenye manufaa, na mwaka uliofuata wakaanza kutoa vijitabu vya kurasa 32 kwa peni sita, wakiwalenga wafanyakazi. Mabishano ya siasa na dini waliyaepuka kwa makusudi. Lawama zikawa mbili: masomo ni magumu mno kwa mtu aliyetoka kiwandani jioni, na yale aliyotaka kuyajua hasa hayamo. Miaka 110 baadaye, mwaka 1937, mchapishaji Mwingereza Allen Lane aliuza vitabu vya mfululizo wake wa Pelican kwa peni sita zilezile lakini akafanya kinyume: cha kwanza kilikuwa cha mwandishi Bernard Shaw juu ya ujamaa na ubepari. Siasa ikawekwa mbele kabisa, na watu wakanunua.

Kichwa cha kitabu nacho kiogope. Emanuel Haldeman-Julius, Mmarekani aliyeanza kuuza vijitabu kutoka Girard, Kansas, mwaka 1919, ambavyo baadaye vilijulikana kama vijitabu vya buluu vya senti tano, alikuwa na tabia ya kubadilisha vichwa vya vile visivyouzika. Hadithi moja ya mwandishi Mfaransa Théophile Gautier kuhusu ngozi ya dhahabu ikawa ya kumsaka hawara mwenye nywele za dhahabu, na mauzo yakatoka 6,000 kwa mwaka hadi 50,000. Ndani hakikubadilika kitu. Kwa hiyo soma yaliyomo, kisha ukurasa mmoja wa katikati, ukiwa umesimama palepale. Muuzaji akikunja uso, mwache akunje.

Kwenye kabati za wazee wetu utakuta pia vitabu vya Marabout, shirika la uchapishaji lililoanza Verviers, Ubelgiji, mwaka 1949. Vyao vya kazi za mikono bado navisifu. Vya afya ni habari nyingine. Navipenda vile vilivyotolewa Kangu-Mayombe, magharibi mwa nchi, vilivyoandikwa hapahapa Kongo kwa lugha nyepesi na michoro, na sura zao za maji, choo na chakula cha mtoto bado zinafaa. Dozi za dawa zilizo katika kitabu chochote cha zamani usizifuate, muulize muuguzi. Na kama kilichapwa kabla ya miaka ya 1980, UKIMWI haumo kabisa.

Jinsi ya kuvisoma nimejifunza kwa Watanzania. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 haikumwachia mtu kijitabu peke yake: watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, kiongozi akasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kwa wanafunzi wangu nafanya hivyo bila redio. Mmoja anasoma aya kwa Kifaransa, mwenzake anaieleza kwa Kiswahili chetu, wa tatu ana kazi ya kubisha tu. Aya ambayo hakuna anayeweza kuieleza tunaiwekea alama kwa biki. Zikizidi katika sura moja, kitabu hicho kinasubiri mwaka mwingine.

Na ukibahatika kupata viwili vya mada moja vilivyopishana miaka thelathini, vinunue vyote. Mpe mtoto kile kipya kwanza, halafu mwambie atafute katika kile cha zamani mambo yaliyobadilika. Wangu hushinda hapo mchana mzima, hasa umeme ukikatika na televisheni ikazimika.