Tuliomba kisima mwezi wa tano, mbona hakimo kwa bajeti?

SWALI: Shikamoo anko. Huku kwetu pwani mwezi wa tano tuliitwa ukumbini kutoa maoni ya bajeti ya kaunti, tukapewa soda na mkate tukasaini karatasi, mimi nikashika maiki nikaomba kisima manake mabomba yamekauka mwaka wa pili huu, watu makofi mpaka basi. Bajeti imetoka kisima hakimo! Si bora ningebaki na samaki zangu sokoni?
Mama Samaki

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, ila ulifika shughulini sahani zishaoshwa. Kwa sheria ya Kenya ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 makadirio ya bajeti yanafika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, alafu ndo kamati ya bajeti inaita watu, lakini fungu la kila idara lilishakatwa kwenye karatasi ya mkakati wa fedha iliyoingia bungeni kufikia 28 Februari. MCA wako (mwakilishi wa wadi bungeni) akitaka kuongeza kisima saa hiyo lazima apunguze pesa mahali pengine, sasa nani atakubali barabara yake ikatwe?

Mlango wenyewe ni mpango wa maendeleo wa mwaka, ule unaopelekwa bungeni kufikia 1 Septemba kwa bajeti itakayoanza Julai inayofuata. Kwa hivyo mwezi wa saba usingoje kuitwa, nenda kwa msimamizi wa wadi uliza mikutano ni lini. Na maiki haiachi alama! Andikeni barua, kijiji kizima kisaini, kopi yenu igongwe muhuri. Kaunti ya Makueni wanasifiwa kwa hili sababu wao wanaanzia vijijini kabisa, miradi inachaguliwa huko ndo inapanda juu.

Hiyo karatasi mliyosaini pia ifuatilie, maana wengine huibandika kwa ripoti kuonyesha mlishirikishwa (soda ghali hiyo). Omba ripoti ya maoni kwa maandishi, sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 wakujibu, wakinyamaza peleka malalamiko Tume ya Haki ya Utawala, huhitaji wakili.

Mpango ukitoka tafuta jina la kijiji chenu humo. Msipoliona, Februari, karatasi ya mkakati ikitungwa, mko na nafasi moja tena kabla mafungu hayajakatwa, nendeni na ile kopi yenye muhuri.