Jezi Mbili, Mchoro Mmoja

Assalamu alaikum, Mhariri.

Wiki hii mmetuuliza: mkataba unaoipa kampuni moja pekee haki ya kutengeneza jezi, je, unaijenga timu au unaifuta sura yake? Mimi ni fundi cherehani hapa Langoni, mjini Lamu, na ndimi mweka hazina wa timu ya mtaa wetu, kwa hiyo swali hili limenigusa pande zote mbili. Timu kuwa na mtengenezaji mmoja mimi sioni ubaya. Ubaya huingia pale kampuni moja inapopewa timu zote kwa pamoja, na huzidi pale timu inapotia saini bila kuandika rangi zake ndani ya mkataba.

Nianze na yaliyotufika. Misimu miwili iliyopita muuzaji mmoja wa Mombasa alitujia na maneno matamu: seti mbili za jezi kwa bei ya moja, na mipira miwili juu yake. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba kwa miaka miwili tusivae jezi iliyotoka kwa mtu mwingine. Hela za timu yetu ni za mchango, mia mia na hamsini hamsini. Nikatia saini mwenyewe. Rangi zetu tangu enzi za wazee ni kijani na mikono myeupe. Mzigo ulipovuka kwa boti kutoka Mokowe nikafungua mfuko, nikakuta bluu iliyokoza, na kifuani mstari wa kupinda kama wimbi. Nikapiga simu. Akaniambia mchoro ule kwa rangi ya kijani umekwisha, na kwamba mkataba haukutaja rangi. Usiku ule nikausoma upya kwa taa ya simu. Kweli, haukutaja.

Tukafika fainali. Pale uwanja wa Twaif wapinzani wetu wakatoka na mchoro ule ule, wimbi lile lile, ila wao nyeusi. Kumbe nao ni wateja wa muuzaji huyo. Jua la alasiri linakupiga usoni, vumbi limetimka, bluu iliyokoza inakimbizana na nyeusi: ukikaa ng'ambo ya uwanja hubagui huyu na yule. Mzee mmoja ambaye hajawahi kukosa mechi yetu akaniita kwa Kiamu chetu, "Ndoo unambie, wetu ni wepi?" Refa naye hakubagua, akatuamuru tuvae vizibao vya mazoezi vya rangi ya chungwa. Kikombe tulikikosa, na hayo ni ya mpira. Linaloniuma ni picha. Vijana wamesimama na medali zao shingoni, na katika picha ile hakuna kitu hata kimoja kinachomwambia mtu kwamba hii ni timu yetu.

Kabla ya hapo jezi ya golikipa ilikuwa imechanika kwapani. Mshono ule ningeufunga kwa dakika kumi, na jezi mpya nzima ningeishona jioni moja. Sharti lilinikataza. Tulingoja wiki sita tuletewe nyingine, golikipa akidaka na jezi ya kuazima.

Nimeyaeleza kwa urefu kwa sababu nilipofuatilia habari za timu kubwa nimekuta mambo yale yale, tofauti ni pesa tu. Kesi iliyonivuta zaidi ilianzia kwenye kofia, na mtu wa Lamu akisikia kofia hapiti. Kampuni iitwayo American Needle, ya jimbo la Illinois kule Marekani, ilikuwa ikitengeneza kofia za timu za NFL, ile ligi ya mpira wa Kimarekani, kwa miaka zaidi ya 20. Mwishoni mwa mwaka 2000 timu zilikubaliana haki itolewe kwa kampuni moja, na Reebok ikapewa kofia za timu zote kwa miaka 10. American Needle ikaenda mahakamani, ikidai timu zimekula njama kuua ushindani. Ligi ikajitetea kwamba katika biashara hii timu zake zote ni kama kampuni moja, na mtu hawezi kula njama na nafsi yake. Mahakama za chini zikaukubali utetezi huo. Mei 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 9 kwa 0, ikaukataa. Jaji John Paul Stevens aliandika hukumu, na kiini chake ni kwamba kila timu ni biashara yenye mali yake na jina lake, zinashindana uwanjani na zinashindania pia mfuko wa mnunuzi.

Hukumu ile haikupiga marufuku mikataba ya aina hiyo. Ilirudisha kesi chini ichunguzwe, na mwaka 2015 pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Wakati huo Nike ilikuwa tayari, tangu 2012, inavisha timu zote 32 jezi za mechi.

Lakini hoja ya majaji naishika kwa mikono miwili, kwa sababu naiona kila siku mtaani. Kofia ya mkono hapa kwetu hutobolewa na kushonwa tundu kwa tundu, kazi ya wiki na pengine miezi, na mjuzi akiigeuza mara moja hukwambia imetoka mkono wa nani. Leo mtu akija kisiwani akasema kofia zote zitoke kwa mchoraji mmoja, hata awe bingwa, baada ya mwaka tutakuwa tunatofautishana kwa rangi ya uzi.

Na mchoraji mmoja akikosea, makosa yake hudumu. Mwaka 2014 Tampa Bay Buccaneers, timu mojawapo ya NFL, walipewa jezi ambayo nambari zake zilikatwakatwa pembe kama zile za saa ya kidijitali. Mimi nambari ni kazi yangu, nazibana kwa pasi kila msimu, na kanuni ya kwanza ni kwamba mtu wa mbali kabisa aisome bila kufinya macho. Mashabiki walizilalamikia tangu siku ya kwanza. Kwa taratibu za NFL za wakati ule timu ikishabadilisha jezi ilikaa nayo angalau miaka mitano, na nambari zile zikavaliwa hadi msimu wa 2019, ndipo mwaka 2020 timu ikarudia sura iliyofanana na ile ya zamani.

Kwenye kandanda yetu kila klabu hujitafutia mtengenezaji, ila mchoro mmoja kupigwa muhuri kwa wote kupo pia. Msimu wa 2021/22 Puma iliwapa Manchester City, AC Milan, Marseille na wengine jezi ya tatu, ile ya ziada baada ya ya nyumbani na ya ugenini, yenye jina la klabu limeandikwa katikati ya kifua, na nembo iliyozoeleka haipo mahali pake. Borussia Dortmund wao walipata jezi ya mashindano ya Ulaya ambayo nembo yake ilifichwa ndani ya rangi ya kitambaa, huioni mpaka uisogeze machoni. Mashabiki wa Dortmund wakakasirika, na mkuu wa Puma wa wakati ule, Bjørn Gulden, akawaomba radhi. Namheshimu kwa hilo. Muuzaji wetu mpaka leo hajatuomba.

Haki ni haki, kampuni hiyo hiyo ya Puma ndiyo iliyowavisha Cameroon jezi zisizo na mikono katika Kombe la Afrika la 2002 kule Mali, na Cameroon wakalichukua kombe. FIFA ikazikataa kwenye Kombe la Dunia mwaka ule ule, ikabidi ziongezwe mikono myeusi. Na Nike iliposhona ya Nigeria ya 2018, kijani na nyeupe na mikono yenye mikato kama manyoya ya ndege, watu walipanga foleni nje ya duka la London. Jezi hizo mbili zilifanikiwa kwa sababu mchoraji alikaa akaiwaza timu moja. Hakufungua faili akabadilisha rangi.

Hata jirani zetu Tanzania wanalijua hili. Klabu ya Simba hutoa zabuni ya jezi zake kwa mfanyabiashara mmoja, naye ndiye hutengeneza na kuuza. Mimi naukubali mtindo huo, kwa sababu klabu hupata fedha ya uhakika na mwenye zabuni ana kila sababu ya kupambana na jezi feki. Lakini hakuna mzabuni duniani atakayempelekea Simba jezi ya kijani ya mahasimu wao Yanga, wala Yanga jezi nyekundu ya Simba. Yanga waliwahi kukataa hata nembo ya mdhamini kwa sababu ya wekundu wake tu. Wako watu waliowaona wakaidi. Mimi nasema walikuwa wanalinda kitu ambacho sisi tulikiuza kwa mipira miwili.

Kwa hiyo klabu zetu za Kenya, kubwa na ndogo, zinapoletewa karatasi ya namna hii nazisihi ziangalie mambo matatu tu. Rangi ziandikwe kwa majina, na kipande cha kitambaa kibanwe kwenye mkataba kama tunavyofanya mafundi na wateja. Mchoro usiuzwe kwa timu nyingine ya ligi moja muda wote wa mkataba. Na mtengenezaji akichelewa kuleta jezi iliyoharibika, timu iwe huru kushonesha kwingine. Bei ni jambo la kujadiliwa baada ya hayo, si kabla.

Mkataba wetu umekwisha mwezi uliopita. Muuzaji amepiga simu mara mbili, safari hii ana kijani. Ijumaa baada ya alasiri tunakutana barazani kuamua kama tutampa nafasi nyingine, au nishone mimi kwa gharama ya kitambaa na uzi. Nimemwomba yule mzee aje na jezi yake ya zamani, ile ya pamba yenye kola, aliyoivaa alipokuwa beki wetu. Rangi imepauka, lakini ndani ya pindo la mkono, pale ambapo jua halikufika, kijani bado kipo kama kilivyokuwa. Nataka nikate kipande kidogo hapo, kwa idhini yake, nikibane kwenye karatasi yoyote tutakayoitia saini.