Bono kwa Bush alifika, sisi kwa wabunge wetu tumemtuma nani?

Mhariri salamu. Wiki hii mmeuliza, "Mastaa wa Ulaya na Marekani wanaokaa na marais kuiombea Afrika misaada, wanatusaidia au wanatuaibisha?" Mi nasema wametusaidia, na naanzia nyumbani kwetu maana huko ndo nina ushahidi.

Mamdogo wangu alianza dawa za kufubaza VVU mwaka 2005. Kabla ya hapo dawa zilikuwepo ila za wenye hela, sisi wengine tulikuwa tunapangiana zamu za kumuuguza na mjomba mmoja alishaanza kuulizia bei ya mbao, sitanii. Serikali ya Tanzania ilianza kugawa zile dawa bure Oktoba 2004 na hela nyingi ya kuendesha mpango ule ilitoka nje, ikiwemo PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na ukimwi, ambao rais wao George W. Bush aliutangaza Januari 2003, dola bilioni 15 kwa miaka 5. Sasa jiulize, rais wa chama ambacho wengi wao waliona misaada ya nje ni kumwaga hela chooni alifikaje hapo? Waliomsukuma ni wengi, madaktari, makanisa, watu wenyewe wanaoishi na VVU, lakini Bono, yule mwimbaji wa Ireland wa bendi ya U2 mwenye miwani ya rangi, naye yumo humo. Kulikuwa na seneta mmoja mzee wa North Carolina, Jesse Helms, huyo misaada alikuwa hataki hata kuisikia, Bono akamfuata ofisini na kuongea nae habari za Biblia na maskini, na 2002 yule mzee akakiri hadharani kwamba kwenye ukimwi alizembea. Mei mwaka huohuo Bono akamsomba waziri wa fedha wa Marekani, Paul O'Neill, wakazunguka Ghana, Afrika Kusini, Uganda na Ethiopia, wakavishwa na mavazi ya Kighana wakapigwa picha dunia nzima ikacheka. O'Neill alirudi kwao haongei kingine zaidi ya visima vya maji, Desemba akafukuzwa kazi (sio kwa sababu ya visima lakini).

Hiyo ndo kazi ya staa ninayoielewa mimi: kwenda kumsumbua kiongozi wa nchi tajiri, kwenye bunge la huko, kwa hela ya walipa kodi wa huko. Hapo sioni aibu yoyote.

Aibu inakuja akishapanda jukwaani kutusemea. Live 8 ya tarehe 2 Julai 2005 mnaikumbuka, siku chache kabla wakubwa wa G8, yaani zile nchi 8 zenye nguvu, hawajakutana Gleneagles kule Scotland, tamasha la Afrika lakini jukwaa la London Waafrika wa kuhesabu, wasanii wetu wengi wakapewa la kwao Cornwall, yaani ni kama unaandaliwa sherehe halafu unaambiwa ukale jikoni. Madeni ya nchi 18 yalifutwa kweli, 14 za Afrika na Tanzania ikiwemo, majirani zetu Kenya wakaachwa nje. Ila ile ahadi ya kuongeza misaada dola bilioni 25 kwa mwaka ifikapo 2010, 2010 ikafika hawajaitimiza. Halafu kuna kitu hakisemwi, kwenye ile tume ya Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, kuhusu Afrika iliyotoa ripoti Machi 2005 wajumbe walikuwa 17, wengi Waafrika, na mzee wetu Mkapa alikuwemo, lakini muulize mtu yeyote aliyeifuatilia atakutajia Bob Geldof, mwanamuziki wa Ireland aliyeandaa Live 8.

Na Arusha je? Juni 2007, kwenye mkutano wa TED, ule ambao watu hupanda jukwaani kutoa hotuba fupi za mawazo mapya, mwandishi wa Uganda Andrew Mwenda anasimama anauliza ni nani aliwahi kutajirika kwa kutembeza bakuli, Bono yuko kwenye viti anaanza kumkatiza. Jamani, umekuja Arusha, kwetu, Mwafrika anaongea kuhusu Afrika, si unyamaze tu hata nusu saa! Mi sikubaliani na Mwenda kwa yote, ningemfuata ningempa mfano wa mamdogo wangu, yuko hai na anauza vitenge sokoni mpaka leo. Lakini haki ya kusema ilikuwa yake.

Ila kuna sehemu Mwenda alituona mbali. Januari 2025 Trump anaingia, siku ileile anasimamisha misaada ya nje, Julai mosi USAID, shirika la misaada la Marekani, halipo tena. Bono huyohuyo Januari hiyo alikuwa ametoka kuvishwa nishani na Biden, ikamsaidia nini? Akaishia kusoma shairi la kuwaaga wafanyakazi wa USAID pamoja na Obama na Bush. Kliniki anayohudhuria mamdogo wahudumu waliokuwa wanalipwa na miradi wakaacha kuja, foleni ikawa ndefu, yeye akawa anahesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo kama mtu anayehesabu siku za kuishi. Dawa alipata. Lakini ile hofu niliiona.

Sasa ndo nataka kulipindua swali lenu kidogo. Aprili 2001 Abuja, viongozi wa Afrika walikaa wenyewe, bila gitaa wala miwani ya rangi, wakaahidi asilimia 15 ya bajeti za nchi zao iende afya. Miaka zaidi ya 20 imepita na nchi nyingi, yetu ikiwemo, hazijafika hapo. Nani alimfuata waziri ofisini kumuulizia hiyo 15? Mastaa tunao, tena wana wafuasi mamilioni, na kwa viongozi wanafika sana tu, kila baada ya miaka 5 tunawaona kwenye malori ya kampeni wamevaa kofia na fulana za chama wanatuimbia. Wakishashuka kwenye lile lori huwa wanaongea nini na hao waheshimiwa, au ni kuchukua bahasha na kuondoka? Wiki ijayo waulizeni wao, nitanunua gazeti nisome majibu.