Mwanangu, kuhusu plateleti zangu

Mwanangu kipenzi,

Nimeiona meseji yako ya usiku, unauliza mama kama virusi vya homa ya ini C viko kwenye ini mbona kwenye damu plateleti ziko 62,000 tu, au ni kansa ya damu unanificha. Sikufichi kitu baba. Plateleti ni vile vichembe vya damu vinavyosaidia damu kuganda, kawaida zinakuaga 150,000 mpaka 450,000 kwa maikrolita, kwahiyo zangu ziko chini kweli, na walirudia kipimo kwa chupa nyingine maana kuna damu zinagandana mle ndani mashine ikahesabu pungufu, ila namba ikawa ileile.

Sasa sikia, sehemu kubwa ya plateleti zangu zimekwama tu. Ini limejaa makovu ya miaka, damu ikitoka tumboni haipiti vizuri inarudi nyuma mpaka kwenye bandama, bandama inavimba na kuzishikilia humohumo. Daktari alinishika mkono akauweka chini ya mbavu za kushoto akaniambia vuta pumzi, nikaisikia inashuka inagusa vidole, kitu kigumu, nikaogopa sana siku ile. Halafu ini ndo linatengeneza homoni ya kuuamsha uboho wa mifupa utoe plateleti, likichoka na yenyewe inapungua, na virusi navyo vinaubana uboho.

Nikitolewa damu nabana pamba mpaka dakika kumi na bado kesho yake pamevilia, hilo lisikutishe. Kinachonitisha mimi ni mishipa ya koo la chakula, maana damu ileile iliyokosa njia inaivimbisha, kwahiyo ukisikia nimetapika damu au choo cheusi kama lami usisubiri kupambazuke, nipeleke hospitali saa hiyohiyo. Aspirini na ibuprofeni usiniletee, na hizo dawa za mitishamba za kupandisha plateleti acha kabisa, ini langu haliwezi.

Vidonge naanza wiki ijayo, wiki 12, wanaopona virusi ni zaidi ya 90%. Plateleti zitapanda taratibu, pengine zisifike kawaida kwasababu makovu hayaondoki haraka.

Ila wewe hujapima. Sijui kama nilikua navyo nilipokubeba tumboni, na mama anaweza kumwambukiza mtoto, sio mara nyingi ila inatokea. Nenda wiki hii mwanangu, majibu yakitoka nipigie hata kama ni usiku wa manane.

Mama yako